Tai ya Heshima na Pasi ya Gathogo

Tai yenyewe, ukiikuta imetundikwa msumarini bila kuambiwa habari zake, ungeifungia mbuzi. Ilikuwa ya sufu, nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini, na mistari miwili myembamba ya dhahabu iliyokwisha kufifia. Lakini katika shule ile ya bweni ya wavulana, nusu saa kwa miguu kutoka stesheni ya Thika, hapakuwa na kitu kilichotamaniwa kuliko hicho. Haikuja na shilingi, wala kitabu, wala kipande cha keki. Ilikuwa heshima tupu. Mvulana aliyewashinda wenzake wote kwa masomo aliivaa mwaka mzima, akaruhusiwa kukatiza nyasi za mbele ya kanisa huku wengine wakizungukia njia ya changarawe, na jina lake likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa bwaloni. Basi, hayo tu. Na kwa hayo tu watoto wa watu walikosa usingizi.

Tai ilikuwa moja, tangu kabla ya vita vya Hitler, na desturi yake haikubadilika. Siku ya Tuzo, mbele ya wazazi, mwenye tai wa mwaka unaoisha aliivua shingoni mwake akamfunga kwa mikono yake mwenyewe yule aliyemshinda. Asubuhi ya siku hiyo aliipiga pasi, asisaidiwe na mtu. Kama alishinda tena yeye, haikuvuliwa. Alisimama tu mbele ya watu akapigiwa makofi mpaka wachoke.

Ephantus Kagwe alikusudia kusimama tu. Aliipata tai mwaka wa 1956 akiwa kidato cha pili, jambo ambalo hata vijana wa kidato cha nne hawakulisahau, maana waliaibika. Na tai ilimkaa. Lazima tuseme ukweli: katika shule nzima hakukuwa na mtoto aliyevaa nguo zikamkaa kama Kagwe. Kaptura yake ya kaki ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kuukatia nyama. Viranja walimletea mashati yao kwa siri, na yeye akiwa na moyo mzuri aliyanyoosha.

Siri ya mkunjo huo ilikuwa baba yake. Gathogo alikuwa dobi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane. Hakujua kusoma. Barua za mtoto wake alisomewa na karani wa shamba. Lakini pasi ya makaa mkononi mwa Gathogo ilikuwa kama kalamu mkononi mwa karani huyo. Mabibi wa kizungu wa mashamba mengine walikuwa wakimwomba bwana wake awaazime dobi, hasa arusi zikikaribia. Naye alimfundisha Kagwe tangu kijana alipoweza kuona juu ya meza. Alimwita "baba," kwa kuwa Kagwe lilikuwa jina la baba mzazi wa Gathogo mwenyewe, na alimwambia, "Pamba ibembeleze na maji, baba. Sufu usiiguse na chuma kabisa. Weka kitambaa kibichi katikati, chuma kipite juu. Sufu ikiungua haisamehe."

Mambo yalikuwa sawa mpaka Januari ya mwaka 1957, alipoletwa Barasa.

Barasa alitoka upande wa Bungoma. Baba yake, Philip, alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha ngozi hapo Thika, akaona heri amsogeze kijana karibu. Alikuwa mrefu, mwenye miguu mikubwa, na kaptura iliyokunjamana kama barua iliyosomwa mara nyingi. Aliingia kidato cha tatu, dawati la nyuma ya Kagwe. Na alikuwa mtu wa kucheka. Kagwe alianza kumchukia kwa hicho kicheko, kabla hajajua kwamba kulikuwa na sababu kubwa zaidi iliyokuwa inakuja.

Sababu yenyewe ilikuja katika mtihani wa Pasaka. Kagwe alipata alama tisini na moja katika hesabu, akageuka nyuma kuona, kwa huruma, mgeni amepata ngapi. Mgeni alikuwa na tisini na sita. Kagwe aligeuka mbele tena polepole. Tangu siku hiyo hakuketi kwa raha, maana alihisi zile tisini na sita zikimpumulia kisogoni.

Wivu ni ugonjwa wa ajabu. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeutafutia chakula. Kagwe alianza kumchunguza Barasa kama askari anavyomchunguza mtu asiye na kipande cha utambulisho. Aliona kwamba Barasa anacheza mpira mpaka kengele ilie, halafu anakuja na jasho lake, anafungua kitabu cha hesabu kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yao, na kumaliza wa kwanza. Kagwe naye alikuwa akiamka kabla ya kengele, akisoma mpaka macho yanawasha. Ilikuwa haki kweli? Aliona pia kwamba wale wadogo wa kidato cha kwanza waliokuwa wakimletea yeye maswali sasa wanampita njiani na kwenda kwa Barasa. Eti Barasa anaeleza vizuri. Eti hakasiriki.

Jioni moja alishindwa kuvumilia, akamuuliza darasani.

"Wewe unasomanga saa ngapi?"

"Saa ile ya kusoma," Barasa akasema.

"Na hizi hesabu, nani alikufundisha?"

"Mwalimu." Barasa alifikiri kidogo. "Yule yule wako."

Watoto waliokuwa karibu wakacheka, Barasa akacheka nao bila ubaya wowote, na hilo la kukosa ubaya ndilo lililomchoma Kagwe zaidi. Ukichukiwa na mtu, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa hashikiki. Baadaye jioni hiyo hiyo alimfuata Kagwe chumba cha pasi na shati lake limekunjwa mkononi.

"Kagwe, nionyeshe hii kitu. Mama yangu anasema naonekana kama mtu amelala kwa gunia."

"Hiyo ni siri ya nyumbani kwetu," Kagwe akasema, akamgeuzia mgongo. Barasa akajibu kwamba hakuna neno, akaenda zake na shati lake. Lakini watu waliona. Kufika wiki iliyofuata msemo ulikuwa umeenea bwenini, na ulisemwa kila Kagwe alipopita na tai yake: mwenye wivu ajinyonge, na bahati nzuri kamba anayo.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulifanywa mapema Novemba. Kagwe alitoka katika karatasi ya mwisho akiwa na hakika. Hakika hiyo ilimfanya atende kosa: alimwandikia baba yake kabla ya matokeo. Aliandika kwamba mwaka huu tai haitavuliwa, na kwamba Gathogo asikose kuja Siku ya Tuzo aone mwanawe akisimama. Karani wa shamba aliisoma barua hiyo mara mbili kwa sauti, penye watu. Siku zile za Hali ya Hatari Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika kwa kutaka tu, kwa hiyo Gathogo alikwenda kwa D.O., mkuu wa tarafa, mara tatu, akasimama foleni, akarudishwa, akasimama tena, mpaka akapigiwa muhuri wa kibali cha siku moja. Muthoka, dereva wa lori la shamba lililokuwa likipeleka kahawa kinuni Thika, alimwahidi nafasi mbele.

Siku tatu kabla ya sherehe, mwalimu mkuu, mzungu mmoja mkavu aliyeitwa Bwana Ashdown, alisoma matokeo bwaloni. Barasa alikuwa wa kwanza. Kagwe alikuwa wa pili, kwa alama nne.

Alama nne. Kagwe alipiga makofi pamoja na wengine, maana kiranja alikuwa akimtazama. Usiku kucha alizigeuzageuza zile alama nne, akatafuta ni swali gani lililozimeza. Hakuwaza sana habari za nyasi wala ubao. Aliwaza vile atakavyosimama mbele ya baba yake na kuinua mikono shingoni mwake kufungua fundo. Aliwaza vidole vyake vikigusa kola ile mbovu ya Barasa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, na Kagwe alijua msemo huo vizuri sana, aliwahi hata kuuandikia insha. Lakini insha ni insha.

Jumamosi asubuhi akaingia chumba cha pasi peke yake, kama desturi ilivyotaka. Makaa yalikuwa yamekolea. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakitandaza juu ya tai, akapitisha pasi, na ile harufu ya mvuke na sufu ikapanda, harufu ya nyumbani kabisa. Tai ikanyooka. Ikapendeza kuliko siku aliyoipokea. Na alipoiona imependeza namna ile, tayari kwa shingo ya mtu mwingine, roho yake ikageuka.

Aliondoa kitambaa. Akaweka pasi juu ya sufu kavu, mahali papana panapokaa kifuani, akaanza kuhesabu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na ndiyo hesabu aliyokosea kuliko zote za mwaka ule. Alifikiri: tai iliyoungua haiwezi kuvishwa mtu mbele ya wageni. Sherehe ya tai itafutwa. Barasa atapata makofi na mkono wa Bwana Ashdown, basi, na mtu wa mwisho kuonekana na tai shingoni atabaki kuwa Ephantus Kagwe. Alipoinua pasi, alama ilikuwa ya rangi ya chai nzito, na ncha yake imechongoka vizuri. Akaipeleka ofisini kwa uso wa huzuni, akasema pasi ilikuwa na moto mwingi kuliko alivyodhani.

Bwana Ashdown aliitazama tai muda mrefu. Kisha akamtazama Kagwe. Akamwambia kwamba tai hiyo ilivuliwa na kuvishwa hata mwaka wa njaa na nzige, na itavuliwa na kuvishwa leo.

"Vaa," akasema.

Hapo ndipo Kagwe alipoona kisima alichochimba na nani anayetangulia kuingia. Tai haiwezi kuvuliwa kabla ya kuvaliwa. Saa nne kamili alitembea katikati ya bwalo, kati ya safu mbili za wazazi, na ile alama kifuani mwake. Alijaribu kuizuia kwa mkono, kiranja akamwambia ashushe mkono. Safu ya pili, karibu na dirisha, alikuwa amekaa Gathogo katika koti jeusi alilopewa na bwana wake, limenyooshwa mpaka linang'aa, na Muthoka kando yake. Gathogo alikuwa ameanza kutabasamu. Kagwe aliliona lile tabasamu likiteremka kutoka usoni pake mpaka kwenye tai, likakoma hapo.

Jina la Barasa likaitwa. Mama yake, Selpha, akapiga kigelegele ambacho shule ile haikuwahi kukisikia ndani ya bwalo, na wazungu wakageuka. Gathogo pia akageuka, halafu akamtazama mwanawe, na bila shaka wakati huo ndipo alipofahamu kwamba barua aliyosomewa ilikuwa ya bure. Kagwe akafungua fundo. Barasa akainamisha kichwa chake kirefu ili Kagwe afikie, na Kagwe akamfunga tai ovyo, kwa chuki na aibu zilizochanganyika hata hazijulikani ipi ni ipi.

"Pole, ndugu," Barasa akamnong'oneza. "Makaa ya hapa ni mabaya."

Hata kwa hilo Barasa akamshinda. Kagwe angepewa ruhusa ya kumpiga mtu mmoja duniani siku ile, angempiga huyo huyo, kwa hiyo pole yake.

Baadaye wageni wakatoka uani kunywa chai. Gathogo alisimama na kikombe chake bila kunywa, na Kagwe akasimama mbele yake. Muthoka ndiye aliyeanza. Hakuwa mtu mbaya, Muthoka, lakini ulimi wake ulikuwa hauna breki.

"Sasa wewe Gathogo," akasema kwa sauti ya dereva, "dobi wa kutafutwa na wazungu mpaka Limuru, na mtoto wako anachoma tai ya shule? Huko Ruiru nitasema nini mimi?"

Watu wa karibu wakacheka. Philip na Selpha walikuwa hapo na Barasa wao. Bwana Ashdown naye akasogea, kikombe mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Wewe baba ya Kagwe? Hii kijana nasema iko ajali. Mimi hapana jua. Tai ya mwaka ishirini, sasa naharibika."

Gathogo alivua kofia. Hakumtazama mwanawe hata kidogo. Alitazama viatu vya mzungu.

"Bwana, makosa ni yangu," akasema. "Hii kazi ya pasi mimi sikumfundisha huyu kijana. Nilitaka asome tu. Hajui. Hata mimi mwenyewe si fundi sana, ni watu tu wanasema."

Muthoka aliacha kucheka. Alijua, kama Ruiru yote ilivyojua, kwamba mtu huyo hakuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia. Hakuwa na shamba, lilikwisha kwenda. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na pasi, na sasa ameitupa chini mbele ya watu ili mwanawe asimame juu yake asipate matope. Bwana Ashdown alitikisa kichwa, akaridhika. Alianza kuondoka. Ingekwisha hapo, na Kagwe angeokoka, na jina lake la mwaka jana lingebaki ubaoni mpaka rangi ibanduke yenyewe.

"Si kweli," Kagwe akasema.

Mzungu akageuka.

"Baba alinifundisha. Najua sufu inawekewa kitambaa kibichi. Niliweka, nikamaliza vizuri. Halafu nikakitoa." Aliendelea, maana aliona akisimama hatasema tena. "Niliichoma kwa kusudi, bwana. Sikutaka Barasa aivae. Baba yangu ni fundi. Hakuna fundi kama yeye."

Selpha alimshika Barasa mkono, kama anayemvuta mtoto atoke njiani. Barasa mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Januari, hakuwa na kicheko, na Kagwe aligundua kwamba alikuwa akikingoja.

Bwana Ashdown alisema jina la Ephantus Kagwe litakwanguliwa ubaoni Jumatatu. Alisema pia mambo mengine, kwa Kiingereza, marefu, na Kagwe aliyaitikia yote.

Mzungu alipokwenda, Gathogo aliweka kikombe chake chini. Alimsogelea Barasa, akainua ncha ya tai kwa vidole viwili, akainusa, akaigeuza upande wa nyuma, akapitisha ukucha juu ya alama.

"Pasi ilikaa hapa mpaka ngapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Nilihesabu mpaka ishirini, Baba."

"Ishirini." Gathogo alifikiri. "Sufu hii, kumi zingetosha."

Alitoa leso mfukoni, akaichovya katika maji ya kuoshea vikombe, akaikamua, akaanza kuipangusa ile alama kwa upole, akikwangua manyoya yaliyoungua, akipuliza, akipangusa tena. Alama haikutoka, lakini ilipungua ikawa kama kivuli. Kisha akalifungua lile fundo baya la Kagwe, akapima tai upya shingoni mwa Barasa, akaishusha ili sehemu iliyoungua ifichike ndani ya sweta yake. Philip alivua kofia yake kumshukuru.

"Simama wima," Gathogo akamwambia Barasa. "Usivute shingo. Eeh, hivyo. Na hii kola nani alikupigia? Ukija likizo upitie Ruiru, nitakuonyesha. Umefanya vizuri, baba."

Kagwe alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Aliisikia ile "baba" ikipita mbele yake na kwenda kwa mwingine. Mwaka mzima alikuwa na wivu wa alama, wa kicheko, wa wale wadogo wa kidato cha kwanza na maswali yao, na alidhani anaujua wivu mpaka mizizi yake. Sasa tai, nyasi na ubao, vyote angemwachia Barasa papo hapo na mwaka ujao pia, kama angerudishiwa tu vile vidole viwili vilivyounguzwa na makaa miaka kumi na minane, vilivyokuwa vikinyoosha kola ya mtoto wa mtu mwingine bila haraka yoyote.